Chumba Namba Kumi na Nne

Kabla ya kuiona bahari, alikiona kitanda.

Picha ilikuwa kubwa kama mlango. Ilibandikwa juzi tu, nyuma ya meza ya mchumba wake, na kila mteja aliyeingia katika ofisi ile ya safari alisimama kwanza akaimeza kwa macho: maji ya buluu, gati refu la mbao, mwanamke mwenye kofia pana anatembea peke yake kwenye njia ya mawe meupe. Yeye hayo hakuyajali. Macho yake yalimpita mwanamke wa kofia, yakaingia kwenye mlango wa kioo ulioachwa wazi nyuma yake, yakatua kwenye shuka. Kona ya kushoto ilikuwa imelegea. Vidole vikamwasha.

"Umeiona?" mchumba wake aliinuka nyuma ya meza, uso unamng'aa kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni. "Kona, umeiona?"

"Nimeiona, Wakala."

Yeye alimwita Wakala kwa sababu ndiyo kazi yake, kuwauzia watu safari. Kona lilikuwa jina la utani la zamani, alilopewa na wenzake kazini, kwa kuwa shuka likipita mikononi mwake lilikaa chini ya godoro na kona kali kama ya bahasha. Wakala alilichukua jina hilo akalifanya lake, na akilitamka, hata mbele za watu, Kona alihisi joto shingoni.

Aliweka juu ya kaunta furushi alilokuja nalo. Vitambaa thelathini vya meza, amevifua, amevipiga pasi, amevifunga kwa utepe, kwa ajili ya harusi yao ya Jumamosi ijayo. Siku hizi alikuwa na chumba chake cha kufulia na kupiga pasi, mtaa wa pili kutoka hapo, na vitambaa vile vilikuwa mzigo ambao mama mkwe wake mtarajiwa alimtwisha kwa tabasamu: "Wewe una mkono mzuri, binti."

Mama mkwe huyo alikuwepo. Mwalimu mstaafu, miwani kwenye mnyororo, amekikalia kiti cha wateja na vijitabu vitatu vya hoteli mapajani, kama mtu anayesahihisha madaftari.

"Umekuja wakati mzuri. Kaa hapo," alisema. "Tunawachagulia hoteli ya fungate. Hii ya kwanza ina bwawa, lakini kwenda baharini mpaka upandishwe gari. Hii ya pili mnapanga foleni na sahani mkononi kama bweni. Bibi harusi na sahani mkononi! Sitaki hata kuisikia. Hii ya tatu sasa, hii ndiyo hoteli."

Kona hakuhitaji kukifungua kijitabu cha tatu. Aliijua hata karatasi yake.

"Hakuna cha kuchagua, Mama," Wakala alicheka. "Nimeshachagua mimi. Siku nne kisiwani. Gatini. Na si chumba chochote." Alimgeukia Kona, sauti ikashuka. "Namba kumi na nne."

Gatini. Ndivyo hoteli ile ilivyoitwa na watu wote, kwa sababu ya gati lake la mbao ambalo wageni walishukia wakipokewa kwa maua na taulo baridi. Kona hakuwahi kukanyaga hata ubao mmoja wa gati lile. Miaka sita alishukia upande wa nyuma, karibu na majiko, kwa boti ya mboga, magunia ya vitunguu huku, yeye kule, maji mpaka magotini, viatu mkononi.

"Na wewe uliyekuwa mapokezi pale, watakutambua mara moja," mama mkwe aliendelea, anafungua kurasa. "Nina hakika watawaongezea hata chakula cha jioni ufukweni. Mimi nimeshawaambia dada zangu wote."

"Niliyekuwa wapi, Mama?"

"Mapokezi." Mwalimu alivua miwani. "Si ndivyo?"

Alimtazama mwanawe. Mwanawe aliitazama mashine ya kubania karatasi, kama vile imemsemesha.

"Wakala," Kona alisema polepole. "Mama anauliza. Mjibu."

"Kona, hilo tutaliongea nyumbani..."

"Nyumbani kwa nani? Mama yuko hapa, mimi niko hapa, mwongo yuko hapa. Tumetimia."

"Usiniite mwongo."

"Basi nikuite nani? Umenitoa vyumbani ukanipeleka mapokezi, tena umenivika na tai shingoni, na hata hukuniuliza kama napenda!" Alimgeukia mama mkwe. Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mama, mimi sikuwa mapokezi. Nilikuwa mtandika vitanda. Vyumba kumi na vinne kwa siku. Nimeosha mabafu, nimeokota nywele za watu kwenye matundu ya maji, nimebeba mashuka mabichi kichwani mpaka shingo ikaota sugu. Nimeifanya kazi hiyo miaka sita na nimeifanya vizuri. Mwenye haya nayo si mimi."

Feni ya mezani iligeuza shingo upande mmoja, ikarudi.

"Mtandika vitanda," mama mkwe alirudia, kama anasoma neno ubaoni lililoandikwa vibaya. "Mwaka mzima nimewaambia ndugu zangu..."

"Uliwaambia ulichoambiwa, Mama. Sina ugomvi na wewe. Bado."

"Bado?" Nyusi zilipanda. "Umesikia mkeo mtarajiwa?"

"Mama, tafadhali." Wakala alizunguka meza, akasimama mbele ya Kona, karibu kiasi cha kunusa moshi wa pasi kwenye kanga yake. Macho yale ndiyo yaliyomponza Kona siku zote. Makubwa, ya mtu asiyejua kuficha. Kumbe alijua. "Nisikilize. Nilimwambia Mama vile kwa sababu namjua. Nilikosa. Lakini Gatini ni jambo jingine. Pale ndipo tulipoanzia. Kile chumba, kile kikaratasi. Nilitaka ushuke kwa gati, Kona! Uvalishwe maua. Upite mlango wa mbele, mkono wako kwenye mkono wangu, wakuone wote. Ulale kwenye kitanda ulichokuwa unakitandika. Hiyo ndiyo zawadi yangu. Nimeipanga miezi mitatu."

Na alisema kweli, hilo ndilo lililomkera zaidi. Mtu amekosea kwa moyo wake wote, utampiga wapi?

"Atakitandika nani?" Kona aliuliza.

"Nini?"

"Kitanda. Mimi nikiwa nimelala, maua shingoni. Nani atakuja asubuhi kukitandika?"

Wakala aliitazama picha ya ukutani.

"Msimamizi wa vyumba vya upande ule ni nani, Wakala? Unamjua. Umekula kwake. Amekuita baba."

"Mama mdogo," alijibu kwa sauti ndogo.

"Mama mdogo. Aliyenilea tangu marehemu mama alipofariki, aliyeniingiza kazini, aliyenifundisha hizo kona unazozisifu. Haya. Nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia pana kanuni, zimebandikwa. Ya tano nakusomea, sihitaji miwani: mhudumu akikutana na mgeni njiani, ashuke mchangani, asimame, ainamishe uso, angoje mgeni apite. Hata kama ana mashuka mabichi kichwani. Hata kama mvua inanyesha." Alinyoosha kidole kwenye picha ya ukutani. "Unamwona huyo wa kofia, anatembea peke yake, njia yote yake? Hayuko peke yake. Kuna watu wamesimama mchangani, nje ya picha. Mimi nimesimama hapo."

"Mama mdogo atafurahi kukuona," Wakala alisema, lakini hakuwa na hakika tena.

"Tumuulize."

Alitoa simu, akaifungulia spika, akailaza juu ya furushi la vitambaa. Ilikuwa saa ya mapumziko ya wahudumu. Hilo hakulisahau, kama vile hakusahau lolote la Gatini. Simu ilipokelewa upesi.

"Bibi harusi!" Sauti ilijaa ofisi. "Nimeiona orodha ya wageni. Kumi na nne! Nilipiga kelele mpaka wasichana wakadhani nimeona nyoka. Nimewaambia wote, chumba kile asiguse mtu, namtandikia mwanangu kwa mikono yangu. Mume yupo?"

"Nipo, Mama mdogo. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Umefanya jambo la kiume."

"Mama mdogo," Kona alisema, "nikuulize kitu. Niko njiani na mume wangu, tunakwenda ufukweni. Wewe unatoka kufua, una beseni kichwani. Tunakutana. Unafanyaje?"

Kwa mbali zilisikika mashine za kufulia, zinazunguka.

"Si ni kazi, mwanangu."

"Unafanyaje?"

"Nitashuka," mama mdogo alisema. Kisha akajitahidi kucheka. "Nitashuka, na safari hii nitashuka kwa furaha. Siku ile waliyonisimamisha mbele ya watu nikupekue mkoba, niliapa ipo siku utarudi hapa umevaa viatu. Sasa unarudi. Kuna nini tena?"

"Mkoba gani?" Wakala aliuliza.

Kona aliikimbilia simu, lakini spika ilikuwa imeshasema, na mama mdogo alidhani anaulizwa yeye.

"Wa huyu! Siku ya kufukuzwa. Hukumwambia mumeo?"

"Nitakupigia baadaye, Mama mdogo."

Alikata. Sasa hata mama mkwe aliacha kugeuza kurasa.

"Uliniambia uliacha kazi mwenyewe," Wakala alisema.

"Nilikuambia."

"Walikufukuza kwa nini?"

Miaka mitatu alikuwa ameibeba siri ile, na aliamua ataibeba mpaka kaburini. Si kwa ajili ya Gatini. Kwa ajili ya macho yale. Lakini mtu anaweza kubeba kitu miaka mitatu kikamshinda kwenye mlango wa harusi.

"Kikaratasi kile unacho bado?"

Alikuwa nacho, alitembea nacho. Alikitoa kwenye pochi, kimechakaa kwenye mikunjo. Upande mmoja mwandiko wake, siku aliyopelekwa Gatini pamoja na mawakala wengine ili akaisifu kwa wateja: *Kona za kitanda hiki zimenyooka hata naogopa kulala. Fundi ni nani?* Upande wa pili, kwa penseli: *Lala tu. Kesho nitazikunja tena.*

"Asubuhi yake ulikipeleka wapi?" Kona aliuliza.

"Mapokezi. Nilitaka..." Alisita. "Nilifurahi. Nilimwonyesha meneja, nikamwambia nataka kumshukuru aliyeandika. Akacheka. Akasema atamtafuta."

"Akamtafuta."

Wakala alikigeuza kikaratasi upande wa penseli.

"Mhudumu haandikiani na mgeni. Ni kanuni ya tisa. Saa nne asubuhi niliitwa kufulia, wote wamepangwa mstari. Walisema mwanamke anayemwandikia mgeni ana mengine pia. Mama mdogo akaambiwa amwage mkoba wangu mezani, yeye na si mtu mwingine, ili wote wajifunze. Kitana. Kanga. Nusu ya mkate. Picha ya mama. Hakuna cha hoteli hata sabuni. Wakanipakia kwenye boti ya mboga, na nguo za kazi wakanivua palepale. Wewe ulikuwa unakunywa chai upande wa baharini. Nilikuona. Ulikuwa unatabasamu peke yako."

"Kona..."

"Sijamaliza! Miezi minane baadaye unaingia kwenye chumba changu cha pasi na mashati sita, unaona mwandiko wangu kwenye kibandiko cha shati, unaruka kama umeokota lulu. 'Ni wewe! Ni wewe!' Ningekuambia nini? Nilikuwa nimeshakupenda tangu kile kikaratasi, mjinga mimi. Nikaona nikikuambia, utanioa kwa huruma. Mimi huruma siitaki, naipiga teke. Lakini unajua nilichokuwa nangoja? Siku moja uulize. Mara moja tu. Mtu aache kazi ya miaka sita ghafla, siku ileile, na wewe usiulize kwa nini! Wewe unayeuliza kila hoteli bwawa lina urefu gani!"

Wakala alikaa juu ya ukingo wa meza. Kona, ingawa hasira ilikuwa bado inamchemka, aliona kwamba mkono wa mtu yule ulikuwa unatafuta mahali pa kukiweka kikaratasi, hauoni.

"Haya, mmesemezana," mama mkwe alisema hatimaye. "Lakini watu wameshaalikwa. Wameshaambiwa Gatini. Siwezi kuanza kupita nyumba kwa nyumba nikieleza mambo ya mikoba. Binti, sahau hayo. Nenda ukapumzike siku nne, urudi."

"Mama," Wakala alisema, bila kuinua uso, "mke wangu alikuwa mtandika vitanda. Nilikudanganya mimi, na dada zako nitawaambia mimi. Hakuna Gatini."

Alisimama, akashika pembe ya juu ya picha ile kubwa, akaivuta. Ikachanika katikati, gati huku, mwanamke wa kofia kule. Mama mkwe akashika kifua. Gatini ndiyo iliyomletea mwanawe nusu ya wateja wake.

Kisha akapiga simu, akafuta chumba namba kumi na nne. Walipomuuliza sababu, alisema, "Kanuni ya tano na ya tisa," akakata.

"Umefuta hoteli," Kona alisema. "Usidhani na hili la kwetu limefutika."

"Sidhani." Alimtazama sasa, moja kwa moja. "Nitalilipa polepole. Niambie tu unataka kwenda wapi."

"Wewe si ndiye wakala? Chagua. Ila usiulize bwawa. Uliza njia."

Alimwelewa. Hilo nalo lilimuudhi Kona, namna anavyomwelewa upesi akishaamua kusikiliza. Wakala alivuta daftari lake la namba za hoteli za kisiwani, akaanza juu. Spika wazi.

"Habari za mchana. Wafanyakazi wenu wakikutana na mgeni njiani, nani anapisha?"

Wa kwanza alidhani ni mzaha. Wa pili alijibu kwa fahari kwamba wafanyakazi wao wana njia yao ya nyuma, mgeni hawaoni kabisa. "Hata kidogo!" alisisitiza. Wakala akapiga mstari juu ya jina. Wa tatu alisema amuulize meneja, akaenda, hakurudi. Wa nne alitaka kujua kama wao ni waandishi wa habari. Mistari ikaongezeka kwenye daftari. Mama mkwe alisimama mlangoni na mkoba wake kwapani, hatoki, haingii.

"Haya maswali gani sasa," alinung'unika. Lakini simu ya saba ilipopigwa, alikuwa amesogea hatua moja ili asikie.

Ya saba iliita muda mrefu. Akapokea mwanamke anayehema.

"Vyumba vitano tu, nakuambia mapema. Bwawa hatuna."

"Sitaki bwawa. Wafanyakazi wenu wakikutana na mgeni njiani, nani anapisha?"

"Njiani wapi?"

"Njia ya kwenda ufukweni."

"Ah, yetu nyembamba hiyo, imepita miambani, wawili hamuenei." Alifikiri. Haikuonekana kama amewahi kuulizwa. "Anayebeba mzigo ndiye anapita. Mwenye mikono mitupu anangoja. Mgeni, mwenyeji, sijui nani. Utamsimamishaje mtu na mzigo kichwani? Kwani kwenu mnafanyaje?"

Wakala alimtazama Kona. Kona alikuwa amegeuza uso dirishani, na kwa mara ya kwanza mchana ule alikuwa na haja ya kanga yake kwa ajili ya macho.

"Niwekee vyumba viwili," Wakala alisema. "Kimoja cha maharusi. Kingine cha mama yetu mdogo. Anafanya kazi hukohuko kisiwani na hajachukua likizo miaka mingi. Na tafadhali, vitanda msitandike. Cha kwake nitatandika mimi."

"Wewe?" Kona aligeuka. "Kona hujui kuzikunja."

"Utanifundisha."

"Sijasema nitakufundisha."

"Sijasema leo."

Alitaka kubaki na hasira yake nzima, alikuwa na haki nayo yote, mpaka punje ya mwisho. Lakini mdomo ulimsaliti upande mmoja. Akalivuta furushi la vitambaa kutoka kaunta, akalipandisha kichwani kwa mkono mmoja, shingo imenyooka kama zamani.

"Navipeleka ukumbini. Wewe nenda kwa dada za mama yako ukawaambie mkeo ni nani. Ukimaliza nitakuona. Usipomaliza, vitambaa hivi watatandikiwa wageni wa mtu mwingine."

Akaelekea mlangoni. Mlango wa ofisi ile ulikuwa mwembamba, na katikati yake alisimama mwalimu mstaafu, miwani imerudi puani, mkoba kwapani, mikono mitupu. Wakatazamana. Kona hakuinamisha uso, wala hakuhama.

Muda ulipita, wa feni kugeuza shingo kwenda na kurudi.

Mama mkwe akashuka kizingiti, akasimama pembeni, juu ya vumbi la barabara.

"Pita basi, una mzigo," alisema kwa ukali. "Na usidhani mimi nimemaliza kuzungumza."